Mashine Isiyolala Tangu Pasaka

Jumatatu, 9 Juni

Wiki ya ushindi! Naiandika yote, ili siku moja wanangu wasome wajue baba yao Mabula alikuwa mtu wa namna gani.

Jumamosi ni ngoma ya Didia. Vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, Bagika wetu upande huu, Bagalu upande ule, uwanja mmoja, wakati mmoja, na wanaovuta watu wengi ndio washindi. Mwenyekiti wa Bagika ni Mzee Mayala. Binti yake ni Vumilia. Na kuhusu Vumilia nisiandike mengi, daftari litajaa.

Asubuhi nilikwenda kumwamkia mzee. Kaniambia wazi. Nimtengenezee tovuti yenye picha za wachezaji wake, ionekane Isaka kwa madereva wa malori, Nkome kwa akina mama wa dagaa, hadi kwa wanaapolo kwenye mashimo yao ya dhahabu huko Geita. Watu wakiziona picha wakaja, mshenga wangu atakaribishwa. Picha zisipoonekana, mshenga abaki kwao. Nikamjibu kwamba hilo limekwisha.

Nimerudi dukani kwangu nyuma ya stendi, nimekaa kwenye seva, nimefanya kazi. Maandishi yametokea safi. Picha hakuna. Seva inalalamika kwamba kiendelezi cha picha hakijapakiwa. Hicho ni kidude tu kinachoongezwa kwenye seva ili iweze kupunguza picha nzito za simu. Tatizo dogo! Nimefungua faili la mipangilio, nimekuta mstari wake umezibwa kwa nukta mkato, seva isiusome. Nimeifuta, nimehifadhi. Fundi ni fundi.

Bado hakijapakiwa. Nimekwenda kula.

Jumanne, 10 Juni

Nimekinakili kiendelezi kwenye kila folda. Hata folda ya nyimbo za kwaya. Wapi!

Melania, mdogo wangu anayekaa kaunta ya fotokopi, kaniuliza kwa nini nisizime mashine nikawasha tena. Loo! Nimemshika mkono hadi mlangoni, nimemsomesha ubao wangu: MASHINE HAIJALALA TANGU PASAKA. Umeme wa mji huu ukatike utakavyo, betri zangu zinashika. Ng'ambo ya barabara kuna duka la kompyuta la Donatus. Mashine yake ililala mwezi wa tano, jenereta ilipoishiwa petroli, na siku hiyo nilimpelekea soda ya rambirambi. Leo nizime yangu, huyo Donatus nitamtazamaje usoni?

Mchana kapiga Vumilia. Sauti tamu! Anafundisha kompyuta sekondari, lakini ile ya vitabuni. Kauliza kwa upole kama baada ya kubadilisha mipangilio niliianzisha seva upya. Akasema si lazima kuzima mashine nzima, ni ile programu ya seva tu, sekunde chache. Mwanamume haanzi uchumba kwa kuonekana hajui. Nikamjibu nimefanya hivyo mara nyingi sana. Akasema basi ni ajabu.

Kweli ni ajabu. Seva na mashine ni kitu kimoja, ukigusa hiki umegusa kile. Vitabu havisemi kila kitu.

Jumatano, 11 Juni

Nimegundua! Ni Donatus.

Mama yake Donatus ni wa Bagalu kwa damu. Na Bagalu wana dawa ya ngoma, kila mtu anajua, ya kuwafunga macho watazamaji wasiuone upande wa pili. Wasiuone! Na kwangu ni nini hakionekani? Picha! Si maandishi, si rangi, picha tu, tena picha za Bagika.

Nimemtuma Melania akapeleleze kwa kisingizio cha kununua kalamu ya ubao. Karudi na kalamu, na andazi alilopewa bure, na salamu. Eti Donatus ananipa pole, na anauliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha.

Nyoo! Ndicho anachokitaka! Melania kacheka mpaka fotokopi za mteja zikatoka kombo. Nimemwambia damu ni moja lakini akili kila mtu na yake.

Alhamisi, 12 Juni

Dawa inajibiwa kwa dawa. Nimekwenda Didia kwa Mzee Bartholomeo, fundi wa dawa wa Bagika. Nikamkuta anapuliza moto. Shikamoo, marahaba. Nikaomba dawa ya kuvuta watazamaji. Kauliza ni ya ngoma ipi. Nikasema ni ngoma yenye nyaya.

Kaacha kupuliza. Kasema dawa yake ni ya ngozi na miguu, ya vyuma haijui. Nikasisitiza. Mwishoni kacheka, kanipa unga mweusi kwenye kibuyu kidogo, kaniambia nichanganye na asali, na nisimwambie mtu kwamba nimeupata kwake. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana. Kaniuliza kama nyumbani wanajua niko huku.

Asali nimenunua nyingi, nisije nikaonekana bahili. Nimepaka kwenye kasha la seva, juu, chini, na penye matundu ya feni. Dukani kunanukia vizuri. Bado picha hazijatokea, lakini dawa si chai, haiharakishwi.

Vumilia katuma ujumbe. Baba yake kauliza picha mara mbili leo. Na yeye anasema ana wasiwasi, na kwamba anatamani jambo letu liende vizuri. Jambo letu! Nimeusoma nikiwa nimesimama.

Ijumaa, 13 Juni

Msiba.

Nilikwenda kinyozi kujiandaa kwa kesho. Nikarudi na kichwa kinang'aa. Nikakuta mstari wa sisimizi umetoka chini ya mlango, umekatiza kaunta, umeingia kwenye seva. Na seva haipo! Iko nje juani, imefunguliwa tumbo, Melania anaipiga brashi.

Kachomoa! Kachomoa kwenye ukuta, kachomoa kwenye betri! Anasema wadudu walikuwa wanaingia kwenye feni, angeningoja mashine ingeungua. Nilikaa kwenye ngazi. Tangu Pasaka! Nilijisikia vibaya kweli kweli, nusura nilie mbele ya wateja.

Donatus akavuka barabara. Ana soda mkononi. Akasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Watu wakacheka mpaka stendi.

Melania akairudisha, akaichomeka, akaiwasha. Nikafungua tovuti bila matumaini.

PICHA! Zote! Wachezaji wako hewani, manyoya kichwani, njuga zinaonekana moja moja! Nikapiga yowe. Nikamkumbatia hata Donatus kabla sijakumbuka ni nani.

Dawa imefanya kazi! Imechukua siku moja tu! Melania akaenda kunawa asali.

Jumamosi, 14 Juni

Didia imefurika. Madereva wa Isaka wamekuja, wanaapolo wamekuja na vumbi lao, akina mama wa Nkome wamekuja na madebe ya dagaa. Wameona picha kwenye simu! Wakapanga biashara upande wetu, na kila aliyetaka dagaa akaja upande wetu. Bagalu walicheza vizuri, lazima nikiri, lakini walicheza mbele ya watu wachache na mbuzi. Tumeshinda!

Mzee Mayala kanishika bega mbele ya watu wote. Mshenga aje. Kasema hivyo, aje!

Nikamtafuta Vumilia. Nikamkuta kando na Melania, wamekaa kwenye debe moja, wanacheka mpaka wanafutana machozi. Vizuri, mawifi wapatane mapema.

Jumatatu, 16 Juni

Vumilia kapiga. Kasema anajua yote: kwamba sikuwahi kuianzisha seva upya, kwamba mipangilio ilikuwa sawa tangu Jumatatu ile, kwamba kiendelezi kilikuwa kinangoja tu seva ianzishwe upya ikisome. Kasema habari ya asali na sisimizi haikumuumiza. Kilichomuumiza ni kwamba alipouliza nilimdanganya.

Kisha akasema ananipenda. Hivyo hivyo nilivyo, akasema. Nilishikilia kaunta.

Lakini ana sharti, na baba yake asijue. Alhamisi atakuja dukani. Niizime mashine mbele yake, kwa kidole changu mwenyewe, niiwashe tena. Basi. Nikifanya hivyo, mshenga aende. Nisipofanya, asihangaike.

Nimekubali palepale. Jambo dogo!

Jumanne, 17 Juni

Si dogo. Ubao wangu sasa unasema MASHINE HAIJALALA TANGU IJUMAA, na Donatus kaandika wake kwa kalamu nyekundu, TANGU MWEZI WA TANO, kautundika juu zaidi. Nikizima Alhamisi, nitamfikia lini?

Nimewaza mchana kutwa, na njia nimeipata. Nitabonyeza kitufe cha kioo tu, si cha mashine. Kioo kitakuwa cheusi, nitahesabu hadi kumi kwa huzuni, nitakiwasha tena. Feni itakuwa inaunguruma chini, lakini nitaifunika kwa shuka na kuweka redio. Kasha nimelipaka asali kidogo, safari hii nyuma tu.

Vumilia hatajua. Ile yake ni kompyuta ya vitabuni. Mjomba nimeshamwambia aipige pasi kanzu ya ushenga.