Dakika Tatu za Kumzika Walter

Sindo,
Homa Bay.
Tarehe 9 Juni

Kwa Mkuu wa Idara ya Upangaji na Usimamizi wa Hafla,

Mheshimiwa,

KUH: KUKATAA KUTIA SAHIHI FOMU YA TATHMINI YA BINTI YANGU

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, si wa moyo, na nakuomba uketi kabla ya kuendelea, kwa sababu sitakuwa mfupi. Nimekwisha kuwa mfupi mara moja mwaka huu na sitaki kurudia.

Binti yangu Irine yuko mwaka wa nne katika chuo chenu. Somo lake kuu ni Jiografia, ambalo sina ugomvi nalo. Milima haijawahi kumharakisha mtu. Ugomvi wangu ni na lile mnaloliita somo dogo, yaani Upangaji wa Hafla. Lingekuwa dogo kweli tungelivumilia. Mwezi uliopita ndugu yangu mkubwa, Walter, alifariki, na Irine akaomba mazishi ya baba yake mkubwa yawe kazi yake ya vitendo. Wenzake walichukua harusi na maonyesho ya mavazi. Nilikubali, nikidhani atasimamia chai. Sasa mmeniletea fomu, mkisema kwamba bila sahihi ya msemaji wa familia, yaani mimi, hatahitimu somo hilo. Nafasi ya maoni inatosha jina la mtu na labda la babake. Ndiyo maana natumia karatasi yangu mwenyewe.

1. Saa. Ratiba ilisema ibada itaanza saa nne asubuhi, na ikaanza saa nne asubuhi. Katika eneo hili ratiba ya matanga ni salamu tu. Kila mwenye akili anajua kwamba saa nne maana yake ni saa saba. Marafiki wa Walter wa Masara, aliochimba nao dhahabu miaka kumi na minane, walifika saa nane, yaani mapema. Waliongozwa na Mwikwabe, Mkuria aliyejifunza kwetu kuingia matangani mbio huku akilia, na ambaye sasa anatushinda wenyewe. Walipita langoni kwa kasi, mikono kichwani, "Walter! Walter, umetuachia nani!" wakafika mbele na kuwakuta wenye hema wakilikunja. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Mtu aliyeanza kulia kwa kasi ile hawezi kusimama ghafla. Wakalilia viti. Mwikwabe alikililia kiti kimoja cha plastiki kwa heshima zote, kisha akajifuta uso, akaniuliza, "Jaduong', mzee wangu, mlikuwa mnamkimbiza wapi?"

2. Viti. Irine aliandaa meza ya mbele yenye kibao "Familia ya Karibu", na kila kiti kikawa na kikadi cha jina. Kiti cha Rispa, mjane wa Walter, kiliwekwa bega kwa bega na kiti cha Chrispine, aliyemwoa binti ya Rispa. Mheshimiwa, kwetu mkwe haketi na mama mkwe, wala hatafuni mbele yake. Katika vitabu vyenu mkwe ni mtu wa karibu. Kwetu pia ni wa karibu, ndiyo maana anakaa mbali. Chrispine alipoona vile vikadi viwili alirudi nyuma kama aliyeona chatu, akashinda nyuma ya tangi la maji hadi tulipomaliza. Rispa naye, kwa heshima hiyo hiyo, akakimbilia jikoni. Meza ya familia ya karibu ikabaki na maua. Nilipomwuliza Irine, msichana aliyezaliwa na kulelewa hapa hapa, akanijibu, "Lakini baba, kwenye mtihani niliandika hivyo hivyo na nikapata tisini." Nani alisahihisha mtihani huo? Ana mkwe?

3. Kadi. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Kadi ya njano ikiinuliwa, imebaki nusu dakika; nyekundu ikiinuliwa, kipaza sauti kinazimwa. Mwakilishi wetu wa wadi, ambaye hajawahi kumaliza salamu kwa muda huo, alisalimia makanisa, akasalimia akina mama, akawafikia wavuvi, akazimwa. Alibaki akifungua na kufunga mdomo kama mbuta aliyetolewa ziwani. Wanawake wakampigia kelele, "Keti, mheshimiwa, tumekuona!" Mimi nimeandika makala kumi na moja magazetini nikidai wanasiasa wanyang'anywe vipaza sauti matangani. Miaka tisa ya kazi! Msichana wa miaka ishirini na mbili amelimaliza jambo hilo kwa karatasi ya rangi. Sasa makala ya kumi na mbili niiandike kuhusu nini?

4. Mimi. Hotuba yangu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Lazima nikueleze kwamba mimi na Walter tulikuwa hatujasalimiana kwa miaka minne, kwa sababu ya beberu wake aliyeingia katika kabichi zangu, na hotuba ile ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kuzungumza naye. Kwa hiyo nilianza pale anapoanzia mtu mwenye adabu: Wajaluo walipotoka Sudan wakifuata mto Naili. Kadi ya njano iliinuliwa tukiwa bado Uganda. Nikamtazama Irine kwa jicho la baba. "Sekunde thelathini," akasema, kana kwamba hatujawahi kukutana. Waathene wa kale nao walipima hotuba kwa mtungi wa maji unaovuja, lakini mtungi una utu, unaweza kuuziba kwa kidole. Binti yangu hazibiki. Nikaziweka karatasi chini, nikasema jambo moja ambalo sikuwa nimeliandika, na ambalo si kazi ya idara yako kulijua, nikaketi. Kurasa kumi na mbili hazikusomwa.

5. Taifa. Watu wetu wengi hawanunui magazeti. Serikali wanaisikia matangani, na matangani ndipo wanapoikasirikia. Mkifupisha hotuba, hasira itapungua. Hasira ikipungua, hakuna atakayeuliza barabara ilikwenda wapi. Asipokuwepo wa kuuliza, katiba ni karatasi ya kufungia mandazi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, idara yako inaipindua nchi kwa alama mbili za muhula, na nina hakika hukuwa umelitazama jambo hili kwa namna hiyo. Ushahidi ninao: siku ile watu walifika makwao mchana, wakakamua ng'ombe, na hadi leo wananisimamisha sokoni kumsifu Irine. Hakuna hata mmoja aliyekasirika.

Kwa hayo yote naomba, kwanza, somo hilo lifutwe, na waliolihitimu warudishwe darasani wafundishwe kuchelewa. Pili, idara iwaite upya waombolezaji wote nizisome kurasa zilizobaki; Mwikwabe amesema yuko tayari kukimbia tena. Hadi hayo yatakapotimizwa, fomu itakaa kabatini kwangu bila sahihi, na Irine abaki na milima yake.

Nisalimie wahadhiri wote, wapishi wa bwalo, mlinzi wa lango kuu, na hasa yule aliyetoa tisini.

Wako asiyezimika,

Boaz Ogweno
Msemaji wa familia

Nyongeza baada ya sahihi: Kabla sijaifunga bahasha, Rispa alikuja kuiomba hotuba yangu aiweke pamoja na vitu vya Walter. Nikamsomea yote, barazani, huku akipukuchua mahindi. Alivumilia Sudan, akavumilia Uganda, akavumilia bei ya sukari. Nilipomaliza aliniuliza, "Shemeji, na Walter yuko wapi hapo?" Nikamtafuta. Nilimpata ukurasa wa kumi na tatu, ameitwa mtu wa bidii. Rispa akasema hizo karatasi nibaki nazo tu. Akasema siku ile, kadi ya njano ilipokuwa juu, niliposema kwamba kabichi zilikuwa mbovu tangu mwanzo, kwamba mwenye kosa nilikuwa mimi, na kwamba kila asubuhi nilisikia kikohozi cha ndugu yangu ng'ambo ya ua nikaona haya kumwitikia, ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu afiwe.

Mheshimiwa, fomu imo humu ndani, nimetia sahihi. Palipoulizwa kama msemaji wa familia alipewa muda wa kutosha, nimeandika ndiyo.