Maombi ya Attestation ya Panne Iliyonipata Katikati ya Ziwa Nzilo

Kwa Tata Kabemba, Mkubwa wa Beach, bandari yetu ya mashua,

Kwa heshima yote na magoti yote mawili chini, mi Aruna Hamadi, dereva wa kamyo kwa miaka ishirini na miwili, ninakuletea malalamiko. Unanijua. Ni mi niliyetoka Kisenge mpaka Mutshatsha kwa marche arrière, kinyumenyume, kamyo imejaa mihogo, na nikafika kabla ya train.

Ijumaa binti yangu Rachida alikuwa aolewe ng'ambo ya ziwa. Mi baba, na mama yake Mwamini, na mifuko kumi ya muchele wa karamu, tulifika Jumapili. Sasa bakwe, wazazi wa bwana arusi, wanakataa kutaja tarehe mpya mpaka nionyeshe karatasi yenye cachet, muhuri wako, inayosema nilikuwa wapi. Ndiyo maana ninaomba attestation ya panne, ya kushuhudia kwamba chombo kiliniharibikia njiani.

1. Mashua niliinunua na tanga lake. Nikaifungia motere ya motopompe, ile ya kutoa maji mashimoni, kwa sababu tanga ni mambo ya batu bahana haraka, wanaoweza kungoja upepo. Katikati ya ziwa motere ikakohoa, ikazima. Nikaifungua, nikaipuliza, nikaitukana kwa Kiluba na kwa Kifaransa. Kimya.

2. Nikafuata sheria ya barabara. Dereva wa kweli hatoki bila matawi. Nikatupa matawi kumi nyuma na kumi mbele, wanaokuja wajue kuna gari limekufa. Matawi yakaondoka. Maisha yangu yote sijaona matawi yakimwacha dereva. Ziwa lako, tata, halina nidhamu.

3. Jiwe la kuzuia gurudumu nililiweka pia. Sijaliona tena.

4. Wavuvi walipita mara nne. Mmoja, René, akaniuliza kama ninauza kuni. Mwenzake akasema hapana, tata Aruna anapanda shamba. Wakaenda zao wakicheka, na mi mtu mzima.

5. Upepo. Siku mbili nzima ulivuma moja kwa moja kuelekea kwa bakwe, bila kutuheshimu sisi wenye panne. Ilibidi nifunike muchele kwa lile tanga, kama bâche, usilowe.

Kwa hiyo Serikali ijenge garage katikati ya ziwa, na iweke polisi wa barabara mmoja, hata akiwa mkali. Lakini kwanza cachet. Mtoto wangu amekaa na hina mikononi inafutika.

Salamu kwa mama wa kwako, kwa bakwe zako kama bado wanakusemesha, na kwa wauza samaki wote wa beach.

Ni mi, ambaye barabara haijamshinda,
Aruna Hamadi

P.S. Mama Mwamini amesoma, anasema niongeze hili. Jumapili asubuhi, mi nikiangalia kama matawi yanarudi, yeye alitoa tanga juu ya muchele, akalipandisha, na tukafika chai haijapoa. Anasema upepo ulikuwa uleule wa Ijumaa. Basi, tata, pale penye "sababu ya panne" acha nafasi wazi. Rachida anasema atajaza mwenyewe.