Begi la Dubu na Tyubu ya Mjomba

Jumatatu, 3 Juni

Mjomba ametangaza leo. Goti lake linapasuliwa, anatafuta wa kumrithi bwawani. Anayerithi anapata kila kitu: tyubu ya lori anayokalia majini kama sultani, mapezi ya kuvaa miguuni na kupigia maji, kona yake karibu na ukuta wa bwawa, na yule mpishi wa bweni anayenunua samaki wote bila kubisha. Yaani kazi. Ya kwanza tangu nilipoachana na shule kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Tunaogombea ni mimi na Kimya, mwanawe wa kumzaa. Tunaishi ua mmoja. Mjomba hana upendeleo, ananitukana sawasawa na mwanawe.

Masharti: kila mtu ajitafutie begi la zana, la bei nafuu. Anayenunua begi la kifahari atakula hasara kabla hajanasa samaki. Jumamosi tunaingia majini kwa zamu na ndoana za Mjomba. Atakayerudi na ndoana pungufu asahau.

Nikamwambia hilo ni dogo, bwawa lile nililivuka kwa kuogelea nikiwa darasa la tatu.

Hili libaki humu humu: sijui kuogelea. Maji yakipita magoti naanza kuwakumbuka marehemu wote wa ukoo.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na mpango. Kimya atatafuta begi la kubeba ndoana. Mimi natafuta begi la kunibeba mimi. Nalijaza vitu vyepesi. Tyubu ikinisaliti, nalikumbatia, naelea, na watu watasema kijana huyu anapenda zana zake.

Nikaenda kwa muuza mitumba. Akanionyesha begi la kompyuta: linakunywa maji kama ng'ombe. Akanionyesha mkoba wa mpiga picha: mzuri, bei ikanifanya nikohoe. Nikamwambia nataka lisilopitisha maji, lenye mifuko mingi, la mtu asiye na kitu. Akanitazama kwa huruma, akachomoa chini ya meza begi la vitu vya mtoto mchanga. La waridi. Lina dubu wawili wanakumbatiana. Ndani plastiki tupu. Pembeni mifuko ya chupa za maziwa, inayoingia koleo na vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi bila kugombana. Zipu imekufa, ndiyo maana bei imelala.

"Hongera, kaka," akasema.

Nikasema asante. Sikujua ananipongezea nini.

Jumatano, 5 Juni

Nimejua.

Mama amelikuta begi uvunguni mwa kitanda changu. Akaketi. Mama haketi mchana isipokuwa msibani. Akaniita jina langu lote mpaka la babu, akataka kujua binti ni nani, kama kwao wanajua, na mtoto anazaliwa lini. Nikasema hakuna binti, hilo ni begi la uvuvi. Dada, aliyekuwa mlangoni akijifanya anafagia, akasema bila shaka dubu hao ndio chambo.

Nilivyozidi kukana ndivyo Mama alivyozidi kulia. Akaitwa Mjomba. Akaja anachechemea, akaligeuza begi, akavuta mikanda ya bega, akachungulia ndani. Halafu akamwambia Mama, "Dada, huyu hata msichana wa kumsalimia hana." Mama akafuta machozi papo hapo. Sikupenda alivyofarijika haraka.

Akiwa mlangoni akauliza: ndoana zitakaa wapi? "Unakalia hewa, mjomba. Ndoana moja ikigusa tyubu, hewa inakwenda zake, na wewe unakwenda zako."

Nikasema zitakaa kwenye kopo lenye mfuniko, ndani kabisa ya begi. Jibu zuri sana. Hata mimi nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, 6 Juni

Dada alipokwenda kazini nimepasua mto wake. Sponji yote imeingia kwenye begi. Nimelitia kwenye pipa la maji, nikaweka tofali juu. Likaelea. Tofali lilionekana lina raha.

Tatizo: sponji imejaa mpaka mdomoni, kopo la ndoana halina pa kuingia. Nipunguze sponji? Thubutu. Kila kipande ni pumzi yangu moja. Nikakata ukanda mmoja wa sponji, nikaushona nje ya begi, nikachomeka hapo ndoana zote alizonigawia Mjomba, kama sindano za fundi cherehani. Zinapendeza. Unachomoa unayotaka bila kufungua kitu. Mtu wa kawaida asingeliwaza hilo.

Jioni nikakalia tyubu uani, begi kifuani, nifanye mazoezi. Nikasikia sssss. Niliruka, nikaangukia kapu la nguo chafu, nikatangaza kwamba nakufa.

Lilikuwa birika la Mama jikoni.

Kimya alikuwa ameegemea ukuta, anatazama. Ndiyo tabia inayonikera kwake.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeliona begi la Kimya. Nimecheka mpaka mbavu zikaomba radhi. Dumu la mafuta ya kupikia. Amelikata dirisha juu, akalitia mfuniko na kamba ya begani. Halikumgharimu hata senti. Nikamwuliza anakwenda kuvua au anakwenda kupimiwa mafuta. Nikamwuliza kama samaki atawakaangia humo humo.

Akagonga ubavu wa dumu kwa ukucha. "Ndoana haipiti."

Maneno mawili. Yamenizunguka kichwani mchana kutwa kama nzi. Baadaye nikaubonyeza kidogo ule ukanda wangu wa sponji. Ncha ya ndoana ikatokeza upande wa pili, ikanitazama. Nikairudisha, nikaiomba itulie.

Nimemshauri Mjomba tuahirishe, naona dalili za upepo. Akasema hata jani halitikisiki. Nikasema ndio upepo wenyewe wa hatari, unaojificha. Akanifukuza.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nimelala kifudifudi. Sababu zitaonekana.

Kimya alitangulia. Akakaa, akapiga mapezi, akanasa samaki wawili, akarudi na dumu lake. Ndoana zote zimo. Hana hata mkwaruzo.

Zamu yangu. Nikapiga moyo konde. Maji yakafika vifundoni, magotini, nikaikalia tyubu, halafu miguu ikatafuta chini na chini hakukuwepo. Nikaanza kuwaaga marehemu, yaani kuwasalimia. Nikalikumbatia begi kwa nguvu zangu zote, nikalibana kati ya kifua na tyubu.

Sssss.

Nikajiambia ni birika la Mama. Kisha nikakumbuka bwawani hakuna jiko.

Tyubu ikaanza kulegea chini yangu, polepole, kama mzee anayejilaza. Mjomba akapiga kelele nitupe begi nishike ufito wa kuvulia anaoninyooshea. Kutupa begi? Nililikumbatia zaidi. Ndoana zilizokuwa bado hazijapata pa kukaa zikapata: shati, suruali, na mahali ninapokalia. Lakini niliyoyasema yalitimia. Nilielea. Mimi na dubu wawili, katikati ya bwawa, tunazunguka taratibu, na mtu mmoja akipiga mayowe. Nasikitika kusema alikuwa mimi.

Kimya akaogelea, akashika mkanda wa begi, akanivuta mpaka ukingoni kama anavuta mbuzi. Wanawake waliokuwa wakifua wakaacha kufua.

Mjomba alinichomoa ndoana moja moja kwa koleo, na nilikaa kimya kiume isipokuwa kila mara. Alipomaliza akazihesabu. Zote zipo. Nikamkumbusha, nikiwa nimelala hivyo hivyo, kwamba sharti lilikuwa ndoana zisipungue.

Akaitazama tyubu yake iliyokuwa imelala pale kama ngozi ya nyoka. Akasema kazi ni ya Kimya.

Jumapili, 9 Juni

Dada ameujua ukweli kuhusu mto wake. Sitaandika.

Mjomba amekuja na hukumu: nitaziba tyubu mimi mwenyewe, viraka vyote. Na yeye ana kanuni ya miaka mingi, aliyeziba ndiye anayeijaribu, kule kwenye kina, chini ya ukuta. Jumamosi ijayo. Kimya alikuwepo. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ana dumu jingine tupu, nikilitaka analikata leo leo. Bure.

Dumu. Mimi. Watu waniseme napimiwa mafuta.

Nimekaa, yaani nimesimama, nikafikiri kwa makini kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Begi lilikuwa dogo.

Muuza mitumba ana begi la gitaa. Refu kunishinda, limepasuka ubavuni, bei imelala. Ndoana nitazichomeka nje tena, nafasi ya ndani ni ya sponji. Itahitajika nyingi. Dada sasa anafungia mito yake kabatini.

Lakini godoro la Mama halina kufuli.