Tezi Iliyozembea na Kikombe cha Kwanza

"Wataalamu wamesema!" Profesa alipaza sauti hata kabla hajakaa, gazeti likipepea mkononi kama bendera ya timu iliyoshinda. "Tezi ya shingo iliyozembea huamshwa jikoni, si kwenye duka la dawa!"

Benchi zima likageuka kumtazama Dakika.

Benchi lenyewe ni ubao mrefu ulioegemea ukuta, katikati ya chumba cha kinyozi na kibanda cha fundi saa. Dakika ndiye huyo fundi saa. Jina hilo alilipata kwa sababu tangu afungue kibanda, miaka thelathini na minane sasa, hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Mwaka huu mwili wake ulianza kuchelewa kwa niaba yake. Watu wakijipepea, yeye anatafuta sweta. Alinenepa bila kula cha maana, sauti ikakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Juzi juzi alisinzia kazini, lenzi ikiwa jichoni na saa ya mteja mkononi. Mteja akadhani fundi anachunguza skrubu kwa kina, akamsubiri robo saa nzima kwa heshima.

Hospitali walimwambia tezi ya shingo haitoi homoni za kutosha, wakampa vidonge. Miezi mitatu ikapita. Jana jioni kipimo cha pili kikatoka, na ile namba iliyotakiwa kushuka ikawa imepanda. Binti yake, anayeishi mji wa pili, mwendo wa saa mbili kwa basi, alimpigia simu akasema maneno machache: "Baba, peke yako hujiwezi. Kesho saa mbili asubuhi niko hapo na sanduku. Unafunga kibanda, unahamia kwangu."

Nyumba ya binti ina bustani na ukimya. Dakika hakuwa na ugomvi na bustani. Ukimya ndio uliomnyima usingizi usiku kucha, yeye ambaye siku hizi hulala hata amesimama.

"Soma hiyo habari upesi," alisema Wembe, kinyozi, taulo begani. "Tuna saa moja na nusu kabla binti hajafika."

"Subirini kwanza," alisema Bi Birika, muuza kahawa. "Saa kumi na mbili na nusu hiyo. Mwenye benchi anywe."

Hiyo ilikuwa mila ya pale. Kikombe cha kwanza ni cha Dakika, na hakuna anayemiminiwa kabla yake. Tangu aanze dawa, mila ilikuwa imenoga zaidi: ikigonga kumi na mbili na nusu kamili, Dakika huweka kidonge ulimini, huinua kikombe cha kahawa yenye maziwa, hushushia, na benchi lote huitikia kwa pamoja.

"Imeingiaaa!" waliitikia. Bi Birika akaanza kuwamiminia wengine.

"Haya, Profesa, tema," alisema Wembe.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa bawabu wa lango la chuo kwa miaka ishirini na saba, na kila aliyepita mbele yake na elimu, yeye alihakikisha kidogo imemdondokea. Husoma chochote chenye herufi, hata karatasi ya sabuni.

"Mtaalamu anasema, adui wa kwanza wa tezi ni kabichi."

"Mtaalamu yupi?" aliuliza Bi Birika.

"Hajatajwa."

"Amefanya vizuri kujificha."

"Babu yangu alikula kabichi miaka tisini!" Wembe alifoka.

"Alikufa na nini?"

"Alikufa akibishana na mtu kama wewe."

"Mimi nakueleza sayansi! Kabichi inaikaba tezi hivi." Profesa alijikaba shingo kwa mikono miwili mpaka macho yakamtoka.

"Tezi inataka madini joto, bwana," Wembe alimkatiza, "na madini joto yamo kwenye chumvi. Dawa ni chumvi tu. Alambe kijiko asubuhi, kijiko mchana, kijiko jioni."

"Akilamba hivyo," alisema Bi Birika, "tezi itaamka ikute moyo umelala."

Dakika akakohoa. "Jamani, mnajadili kana kwamba mimi ni saa ya ukutani. Hivi vyote si nimeshavifanya? Profesa, ulinikataza kabichi, nikaacha. Ukakataza maharage, nikaacha. Ukakataza mayai, karanga, na kitu chochote cha kijani. Mwezi uliopita vilivyobaki halali kwangu vilikuwa maji na hewa."

"Hewa nayo uivute kwa kiasi," alisema Profesa.

"Na wewe Wembe, ulinilisha samaki siku kumi na moja mfululizo. Sasa nikitoka nyumbani paka wananisindikiza. Wawili wameshahamia kibandani."

"Si dalili ya afya hiyo? Paka hamfuati mgonjwa."

"Paka anamfuata samaki, Wembe!"

Benchi likacheka mpaka ubao ukalia. Hata Dakika alicheka, kisha akatazama mkono wake. Saa mbili kasorobo. Kicheko kikamkauka.

"Mimi siogopi kuugua," alisema taratibu. "Naogopa kukaa kwenye kiti laini, naulizwa kila saa kama nimekunywa supu. Kule hakuna saa hata moja iliyoharibika. Nimeshakagua."

Wembe alijifuta jasho kwa taulo la mteja.

"Usikate tamaa, fundi," alisema Profesa. "Haraka haraka haina baraka."

"Basi tezi yangu imebarikiwa kuliko ya mtu yeyote mjini."

Bi Birika alicheka kwa nguvu, mkono ukatikisika, na mpini wa birika ukachomoka upande mmoja. Kahawa ikamwagika pwaa! juu ya gazeti la Profesa.

"Mtaalamu wangu!" Profesa alilia, akilipangusa gazeti kwa mkono wa shati.

"Mtaalamu wako amekunywa mwenyewe, mwache," alisema Bi Birika. "Fundi, skrubu imeng'oka. Huna kaskrubu kadogo unikazie?"

Dakika akainuka. Kazi ni kazi, hata siku ya kuhamishwa. Aliingia kibandani akiwaruka paka, akarudi na bahasha ndogo ya karatasi, ile ya duka la dawa. Siku ya kwanza alipopewa vidonge alivihamishia kwenye kopo la bati, kwa kuwa bahasha ilikuwa na upana barabara wa kutunzia skrubu. Tangu siku hiyo ikakaa rafu ya juu. Akaimwaga kiganjani, akachagua skrubu moja, akampa Profesa bahasha tupu amshikie.

Lilikuwa kosa, au tuseme ilikuwa bahati. Profesa hawezi kushika kitu chenye maandishi bila kukisoma. Akasafisha koo, akasoma kwa sauti ileile ya habari za gazeti:

"Wataalamu wamesema! Kidonge kimoja kila siku alfajiri, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Usinywe chai, kahawa wala maziwa mpaka saa nzima ipite, kwani vitaizuia da..."

Skrubu ikamponyoka Dakika.

"Endelea," alisema Wembe.

"Imeisha. Imebaki 'wa'."

Hakuna aliyethubutu kutazama kikombe. Kilikuwa pale pembeni ya Dakika, kitupu, kimebaki mashapo na duara la maziwa ukingoni. Mara tisini hivi, kwa hesabu ya haraka, walikuwa wamekishangilia.

"Shikamooni wazee," ilisema sauti nyuma yao.

Binti alikuwa amesimama na sanduku mkononi. Lilikuwa tupu, lilining'inia jepesi kama kizimba cha kuku walioshauzwa. Kwa jinsi alivyomtazama baba yake, ilikuwa wazi amesikia kila neno.

"Marahaba, mwanangu," benchi liliitikia kwa sauti ya watoto waliokamatwa jikoni.

"Baba. Miezi mitatu unakunywa dawa na kahawa?"

"Na maziwa," alisema Profesa, kwa kupenda ukweli.

"Mama, wewe uliniambia nimeze kabla sijala chochote," Dakika alijitetea kwa binti yake. "Mimi kwa uaminifu kabisa sijala. Kahawa nani ameila?"

"Mtu anayesoma namba zilizoandikwa ndani ya tumbo la saa! Herufi kubwa hizi zimekushinda?"

"Zilikuwa zimefunikwa na skrubu."

Binti aliweka sanduku chini, akampigia daktari, akaifungulia simu sauti ili kila mtu asikie. Daktari alisikiliza, na wote wakasikia kitu kama kicheko kilichozibwa na kiganja.

"Mzee," alisema daktari, "sitakuongezea dawa sasa. Tujue kwanza hii uliyonayo inafanya nini ikipewa nafasi. Meza kwa maji, ukae saa nzima bila kitu. Baada ya wiki sita tunapima tena."

"Na kabichi, daktari?" Wembe alipenyeza kichwa.

"Apike ale. Asijaze kabichi mbichi bakuli zima kila siku, basi."

"Na chumvi kijiko kwa kijiko?"

"Nani huyo? Hapana! Chumvi ya kawaida yenye madini joto, ya kukolezea chakula tu. Mzee ale mayai, maharage, matunda, mboga, samaki kwa zamu. Chakula kizuri kitamsaidia tumbo, uzito na nguvu. Kazi ya kidonge, hakuna chakula kinachoifanya. Hapo mko wangapi?"

"Kamati nzima," alisema Profesa.

"Basi kamati imsaidie kwa jambo moja: imwache."

Simu ikakatika. Bi Birika alikuwa ameshika mdomo. "Jamani, kumbe anayemroga ni mimi! Tena kwa upendo, maziwa namwongezea."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Wembe.

"Hiki kilikuwa kikombeni," alisema Profesa. "Ninyi niliwaambia tatizo ni jikoni."

"Wewe ulisema kabichi!"

"Nilikuwa njiani kufika."

Dakika hakuwasikiliza. Alikuwa akimtazama binti yake, na binti alikuwa akilitazama benchi: ubao, birika lenye mpini unaoning'inia, paka wawili mlangoni, wazee waliobana pumzi. Hatimaye akapumua.

"Wiki sita, baba. Namba ikishuka, unabaki. Isiposhuka, hata paka nawafungasha. Sanduku nakuachia hapa, liwe shahidi."

Kesho yake, ikagonga na nusu kamili. Dakika akaweka kidonge ulimini, akashushia na glasi ya maji.

"Imeingiaaa!" benchi liliitikia, na vikombe vyote vikanyooshwa kwa Bi Birika.

Bi Birika hakutikisika. "Mnanyoosha nini?"

"Kahawa."

"Mwenye kikombe cha kwanza amekunywa?"

Wakatazamana. Profesa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona mtego. "Dada, usituue. Saa nzima?"

"Mila ni mila. Miaka yote hakuna anayetangulia. Leo mzee wa watu anaumwa ndiyo mumruke?"

"Mila inaweza kufanyiwa marekebisho!" alisema Wembe, midomo ikimkauka. "Nina mteja ananisubiri ndani, povu kidevuni. Bila kahawa mkono wangu haujatulia. Mnataka nimkate mtu sikio?"

"Mvumilivu hula mbivu," alisema Bi Birika.

"Mbivu sawa, lakini hii itakuwa baridi!"

"Wala msijali, jamani," alisema Dakika. "Nyie kunyweni, mimi nitangoja."

Alisema kwa unyonge hata mikono yote ikarudi ilikotoka. Waliketi. Harufu ya kahawa ikapita puani mwao, mmoja baada ya mwingine, kama askari anayekagua gwaride. Dakika ya ishirini, Profesa alianza kusoma kibandiko cha birika. Dakika ya arobaini alikuwa amekisoma mara tisa.

"Fundi," alisema, "hiyo saa yako imesimama."

"Inatembea."

"Inachelewa basi. Naapa inachelewa. Ifungue uitazame."

"Saa yangu haijawahi kuchelewa. Kilichochelewa ni tezi, na yenyewe tumeshaishika."

Hivyo ndivyo walivyokaa, asubuhi kwa asubuhi, wiki sita nzima. Wa kwanza kulalamika ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Kufikia wiki ya tano Dakika alikuja bila sweta. Siku moja alimjibu Wembe kwa ukali na haraka kiasi kwamba benchi zima lilimpigia makofi.

Binti alirudi na basi la kwanza, karatasi ya kipimo aliyotumiwa na daktari ikiwa mkononi. Hakusalimia. Aliinua karatasi juu, akacheka, machozi yakimlenga. Namba ilikuwa imeshuka.

Vigelegele vya Bi Birika vilimtoa mteja wa Wembe nje, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Ni samaki wangu!" alipiga kelele Wembe. "Walichelewa tu kuanza kazi!"

"Nani alisoma bahasha?" Profesa alijipiga kifua. "Elimu, mwanangu! Elimu!"

"Na nani alivunja birika?" alisema Bi Birika. "Bila birika bovu, nyote mngekuwa bado mnashangilia sumu."

Binti alijifuta macho, akatazama huku na huku. "Na sanduku langu liko wapi?"

Profesa akainuka kwa aibu. Alikuwa amelikalia. Katikati lilikuwa limebonyea vizuri kabisa, kwa kipimo chake.

"Lilipata kazi, mwanangu," alisema.

"Haya, Bi Birika, tumsherehekee baba," alisema binti. "Mmiminie hicho kikombe cha kwanza, mimi nalipa wote."

Vikombe vikanyooshwa. Dakika akainua kiganja kimoja, akatazama mkono wake kwa lenzi, ingawa mishale ilionekana hata bila lenzi.

"Bado dakika nne, mama," alisema. "Kaa kwenye sanduku lako, usubiri kama watu wengine."