Maombi ya Farasi Mkubwa

Jumatatu, 5 Mei

Louisville. Mvua. Mbio kubwa za farasi zilikwisha juzi na mji mzima bado unaongea farasi tu. Siku nzuri ya kutekeleza mpango. Nimetuma picha kwenye grupu la fellowship! Mimi, Timothy Mwaura, juu ya Biskuti, kidevu juu, mawingu nyuma. Simu niliilaza kwenye majani nikaiacha ipige yenyewe. Ukimtazama kutoka chini hivyo, Biskuti anaonekana mkubwa kama lori. Nikaandika: Mimi na farasi wangu.

Ukweli, kwa kuwa hii haisomwi na mtu: Biskuti ni poni. Mabega yake yananifika kifuani, na mimi si mrefu. Tena si wangu. Ni wa Bi Darlene, mwenye zizi mbele kidogo ya Shively, ambaye hunifundisha kupanda kila Jumatano pamoja na watoto wa shule ya msingi. Lakini grupu halikuuliza.

Grupu lina Wakenya wa Columbus, wa Buffalo na wa Louisville, yaani mimi. Tunasali kwa simu kila wiki. Kwa kawaida picha zote huwa za Kipkoech wa Buffalo na lori lake jipya. Leo Kipkoech kimya! Jemutai wa Westerville, kando ya Columbus, ameandika: Wow, Timothy, kumbe! Nimeisoma hadi chai ikapoa. Nimeipasha moto, nikaisoma tena.

Jumanne, 6 Mei

Balaa. Dada Edah, mwenyekiti wetu kule Columbus, amepiga simu. Amesema fellowship haiwezi kumwacha ndugu apate kitu kipya kisiombewe. Waliliombea lori la Kipkoech. Waliiombea nyumba ya Jemutai chumba kwa chumba, mpaka gereji. Kwa hiyo Jumamosi wanakuja kumwombea farasi. Kipkoech atashuka kutoka Buffalo alale Columbus, kisha wote watatu waje kwa gari la Jemutai. Edah ataleta mafuta ya upako na chapati.

Nikasema karibuni sana. Nilipokata simu nikacheza katikati ya sebule, peke yangu, na soksi. Tangu nihamie hapa mtaa wa Beechmont, mlango huu umevukwa na fundi wa bomba tu. Kila mara nasikia wamekwenda kwa huyu, wamekwenda kwa yule. Mimi sikuwahi kuwa na kitu cha kuombewa.

Kisha nikakumbuka kimo cha Biskuti. Nikakaa chini.

Halafu nikakumbuka jingine. Kipkoech atakalia kiti cha mbele. Columbus mpaka hapa, njia nzima, kando ya Jemutai, wakicheka kwa Kikalenjin!

Jumatano, 7 Mei

Somo. Mama wawili wapya kwenye uzio. Mmoja aliniuliza mtoto wangu ni yupi. Nilisema hajafika. Kisha nikaingia uwanjani na kofia yangu ngumu, nikampanda Biskuti. Baadaye yule mwingine alimweleza Bi Darlene, kwa sauti ya kutosha, kwamba anamhurumia yule mnyama.

Bi Darlene hapendi maneno hayo. Aliwaita, akanisimamisha kwenye mizani ya magunia ya chakula, akawasomea uzito wangu pamoja na tandiko. Akasema poni huyu ana nguvu, amebeba wazito kuliko mimi, na haoni mtu mzima akifurahi ana kosa gani. Nilimshukuru. Lakini kusimama kwenye mizani mbele ya watoto wa miaka minane si kitu cha kumwinua mwanamume. Mtoto mmoja alinipigia makofi.

Nilingoja wote waondoke ndipo nikatoa mpango wangu. Nilimwomba Jenerali kwa Jumamosi. Jenerali ni farasi hasa, mweusi, ukisimama karibu naye huoni upande wa pili wa dunia. Bi Darlene aliuliza kama nataka kumpanda. Nilisema hapana, nataka aombewe tu. Ilichukua muda kumweleza. Mwishoni akasema bibi yake mzaa mama angeelewa kabisa. Atamfunga kwenye uzio. Sharti: nisijaribu kumpanda hata kwa bahati mbaya.

Mpango umekamilika!

Alhamisi, 8 Mei

Baada ya kazi ya ghala nilikwenda kuzoeana na Jenerali. Jirani yangu Bagula alinipeleka kwa gari lake. Ni Mkongo wa Bukavu, mtu mwema, tatizo lake anapenda ukweli. Alimtazama Jenerali juu mpaka chini, akasema, “Bon, iyi njo farasi.” Kisha akauliza ile ingine ninayopanda ni nini. Nilimweleza mpango. Akasema, “Donc, utabadanganya batu ba Mungu juu ya nyama?” Nyama kwao ni mnyama. Nilimwambia siyo kudanganya. Sitasema neno. Nitasimama tu karibu na farasi.

Jenerali alininusa, akala kofia yangu, akaitema.

Jambo moja baya. Nilipita mbele ya chumba cha Biskuti bila kusimama, ili Jenerali asione nina mwingine. Biskuti akaniita. Ana mlio mdogo hivi, wa puani, anaoutoa akinisikia tu nafunga mlango wa gari. Katika mji huu wote, yeye peke yake ndiye hugeuza shingo nikifika. Nami nikapita, macho mbele. Nilijiona kama Petro, jogoo tu ndiye aliyekosekana.

Usiku kwenye maombi ya simu Kipkoech aliuliza farasi wangu ana kasi gani. Nilijifanya mtandao umekatika.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepiga deki. Nimepika nyama na sukuma wiki. Ugali nitausonga wakifika. Nimenunua viti duka la mitumba, kila kimoja cha aina yake, na kuvipanga duara. Kisha nikavikalia kimoja kimoja nione kila mgeni ataona nini. Cha Kipkoech nimekiweka mahali jua linapompiga machoni.

Jemutai alipiga! Yeye mwenyewe, si grupu. Aliuliza wabebe nini, nina upungufu gani. Nilisema sina upungufu wowote. Akasema haya basi, tukaagana. Simu ilidumu muda wa kuchemsha yai. Kwa nini sikusema sukari? Tungeongea habari za sukari.

Nimekaa katikati ya viti hivi. Vikiwa vitupu vinafanya chumba kiwe kikubwa zaidi. Nimewasha redio.

Jumamosi, 10 Mei

Wamefika! Nikiwa na suti na buti. Kipkoech amezidi kurefuka, nadhani kwa makusudi. Edah alikuwa na chupa ya mafuta na kayamba. Jemutai alikuwa na gauni la kijani na pakiti ya sukari. Sikuiomba na ameileta!

Zizini kulikuwa na sherehe ya watoto, jambo ambalo Bi Darlene hakunitajia. Jenerali alikuwa tayari kwenye uzio, anang'aa. Walimtazama kwa heshima. Hata Kipkoech alisema, eh, Mwaura. Sikusema neno, kama nilivyomwahidi Bagula. Edah akampaka mafuta kwenye paji la uso, akafunga macho, akaanza kuomba. Jenerali alivumilia maombi ya mwanzo. Alivumilia ya safari za barabarani. Kisha Edah akaanzisha wimbo na kayamba.

Jenerali hajawahi kusikia kayamba. Kamba ilikatika kama uzi. Mara ya mwisho nilimwona mbali kabisa kule malishoni, mgongo tu, akiwa na upako wake.

Ndipo ukasikika mlio mdogo, wa puani. Biskuti anajua kufungua komeo la mlango wake kwa midomo. Alipita katikati ya sherehe, akapita katikati ya fellowship, akaja akaingiza kichwa chini ya kwapa langu na kutafuta karoti mfukoni mwa suti. Watoto wakapiga kelele kwamba poni wa Mister Tim ametoroka. Mmoja akawaeleza wageni wangu, bila kuulizwa, kwamba huwa tuko darasa moja na kwamba ninajitahidi.

Kipkoech alicheka mpaka akashika uzio. Alisema mtu mzima na ndevu, juu ya mbwa! Edah alijikaza, akasema hata Bwana aliingia Yerusalemu juu ya mwanapunda, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Niliumia. Niliumia sana, naandika hivyo hivyo. Nilishika masikio ya Biskuti nikayaziba asisikie.

Jemutai hakucheka. Aliuliza kama ninaweza kumpanda kweli. Nikavua koti, nikapanda. Tulizunguka uwanja, kisha tukakimbia kidogo, kisha tukaruka gogo, ambalo ni fupi lakini ni gogo. Kipkoech aliacha kucheka, maana hata kupanda punda hajui. Nilipofika alipo Jemutai, alikuwa ameshavua viatu. Akasema na yeye anataka.

Alizunguka mara nyingi, gauni limekunjwa, Bi Darlene ameshika kamba. Aliposhuka macho yake yalikuwa na maji. Alisema kazini ni wagonjwa, nyumbani ni kuta, na hakumbuki lini alifanya kitu kwa sababu tu kinapendeza. Edah alimpaka Biskuti mafuta yaliyobaki na kumwombea upya. Biskuti alilamba chupa.

Kisha nyumbani, ugali, vyombo, kelele, viti vyote vimejaa. Kipkoech alikaa penye jua akaomba tu pazia lifungwe, mpango ukaisha. Mlangoni Jemutai aliniambia polepole kwamba wangekuja hata kama sina farasi. Kwamba nilihitaji tu kusema njooni. Nilisema nimeelewa.

Nimeelewa!

Jumapili, 11 Mei

Nimetoka kanisani. Viti bado viko duara. Sijavitoa. Kwenye kimoja kuna vumbi la zizini, cha Jemutai, sijakifuta.

Saa kumi ujumbe. Jemutai! Siyo kwenye grupu. Anauliza kama Jumamosi ijayo niko, anataka kuja kumpanda Biskuti tena. Peke yake. Na kama nitapika ile nyama.

Niko? Mimi huwa niko kila Jumamosi. Jumamosi zote nimekuwa hapa, natazama dirisha. Nilishaandika niko, njoo, nikaifuta. Mtu akijibu upesi hivyo ataonekana hana shughuli. Mwanamume anayeonekana hana shughuli hatembelewi na mtu. Nikafikiri vizuri. Nikaandika kwamba kwa bahati mbaya Jumamosi nina mashindano makubwa ya farasi, nje ya mji, nikiwa mmoja wa wanaotegemewa.

Amejibu baada ya muda. Ameandika: Ooh, sawa. Siku nyingine basi. Kila la heri.

Safi kabisa! Sasa najua ananiheshimu.

Nimekimbilia duka la mitumba kabla hawajafunga, nikapata kikombe cha ushindi, cha rangi ya dhahabu, kizuri mno. Ni cha mashindano ya kula soseji, lakini maandishi ni madogo, na simu nitailaza chini kwenye majani. Picha naipiga Jumatano, naituma Jumamosi jioni. Mchana wote nitakuwa hapa sebuleni, sitatoka. Pazia nitalifunga. Westerville ni mbali, lakini huwezi kujua nani anapita.