Kijisanduku Kilichonichongea

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa upasuaji amenichorea tumbo langu. Mlango wake wa juu haufungi. Miaka kumi na mmoja asidi inapanda, na sasa imekula sauti. Mimi, mnadi wa samani, nakwaruza kama bawaba kavu! Tiba: kipande cha juu cha tumbo kikunjwe, kiviringishwe kwenye umio, kishonwe. Niliuliza mara mbili kama anasema tumbo langu mimi. Akasema ndiyo, langu mimi.

Foleni ni ya miezi minne. Mnada wa vitu vya hoteli ni Aprili 12. Shemeji yangu Kengele, mdogo wake mke wangu, ameshaanza kupanda jukwaani kwangu, eti kunipumzisha. Akinadi siku hiyo, jukwaa limekwenda.

Jumanne, 4 Machi

Wamenipitisha waya puani! Hakuna aliyenitajia pua. Mwisho wake uko kwenye umio, na kiunoni kijisanduku chenye kitufe. Muuguzi kasema niishi kama kawaida, nibonyeze kila nikiungua.

Kawaida gani? Foleni hairukwi kwa ukawaida. Nimemwambia mke wangu, anayenichemshia maboga mwezi wa pili huu, kwamba sina hamu ya kula. Kisha nyuma ya ghala la mnada: nyama ya kukaanga, pilipili, kahawa mbili. Nikalala chali kwenye sofa la mteja. Nimebonyeza mara tisini na nne.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeumbuka. Nilimchukua mke wangu ili daktari amwonee huruma. Kumbe kijisanduku hakisikilizi kitufe tu! Kinaandika asidi yenyewe, dakika kwa dakika, na hata saa niliyolala chali. Daktari akasema mibonyezo sabini haina asidi yoyote. Halafu akauliza, kwa upole, saa saba mchana nilikula nini.

Mke wangu hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa.

Cha ajabu, asidi iliyobaki ilitosha. Daktari kasema mlango umeharibika kweli, na kuna mgonjwa kaahirisha, basi nipasuliwe Jumatatu. Sharti: baada ya hapo nianze na vya kunywa, kisha vyakula laini, na soda marufuku wiki sita. Kupiga mbweu kutakuwa shida, gesi ikishuka haitapanda.

Jumanne, 11 Machi

Matundu matano tumboni, madogo kama vifungo vya shati. Nimelala chali na sikuungua. Nilisubiri saa nzima, hakuna kilichopanda. Nikalia. Mke wangu ameleta supu aliyoichuja mara mbili, na bado hanisemeshi.

Jumamosi, 12 Aprili

Sauti imerudi! Niliuza vitanda arobaini kabla ya saa sita. Watu walipiga makofi hadi Kengele naye akapiga. Kwa furaha nikamnyang'anya soda yake nikaimaliza, aone kwamba nimepona. Ilibaki wiki moja na siku kidogo tu. Wiki moja ni nini?

Gesi ikashuka, ikakataa kupanda. Tumbo likajaa, kifungo cha suruali kikaruka kikampiga mama wa mstari wa mbele. Nilitaka kutaja kabati, sauti haikutoka. Mteja mmoja akauliza kama na mimi nauzwa. Kengele akapanda akanadi vilivyobaki, vyote, hadi mapazia.

Jumapili, 13 Aprili

Daktari kasema mshono umeshika, kwa bahati yangu tu. Mke wangu amenisemesha hatimaye. Amesema mnada ujao ni wa mdogo wake, na mimi nikae nimeze maboga.

Nimetafakari sana. Kosa langu ni kushughulikia tumbo langu peke yangu. Kengele naye ana tumbo, na tangu jana anajikohoza kidogo. Kesho nimemwalika chakula cha mchana nyuma ya ghala, tupatane kama ndugu. Nyama ya kukaanga, pilipili ya kutosha, kisha ajinyooshe kwenye sofa.

Nimeagiza sahani mbili, asije akanishuku.