Poda Kabla ya Matokeo

Prrr. Fupi, kavu, kisha kimya. Saa tatu na robo asubuhi, uani kwetu hapa Butembo, kuna mtu alikuwa anajaribu filimbi.

Ndugu zangu wa kundi hili, leo nimejifedhehesha mbele ya maprofesa watatu. Ni afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa akina mama wa shirika letu la parokia, kwa kuwa wao walikuwepo, na wanasimulia vizuri kuliko mimi.

Leo ilikuwa siku ya mahojiano yangu, kwa njia ya kompyuta, ya kuingia shahada ya juu ya uhandisi wa vyombo vya anga katika chuo kimoja cha Ulaya. Mwaka jana walinikataa kwa barua ya mistari minne ambayo bado naikumbuka neno kwa neno (koma ya mstari wa tatu haikuwa ya lazima). Kanuni zao haziruhusu mtu kuomba mara ya tatu. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Mimi ni mtu wa tahadhari. Jana nilikwenda kwa mwenye mashine ya kusaga muhogo nikamsihi asiiwashe asubuhi. Nilizungumza pia na jirani kuhusu jogoo wake. (Jirani alikubali. Jogoo hakuulizwa, alifunikwa kikapu.) Kompyuta yangu, ambayo betri yake ilikufa zamani, niliiunganisha na betri ya gari la Papa, baba yangu. Simu niliiweka katika hali ya ndege, nikaificha chini ya mto. Hatimaye nilibandika ratiba kwenye mlango wa sebule: “Saa 4:00, mahojiano yanaanza. Saa 4:40, yanakwisha. Kimya kamili mpaka saa 4:40.” Neno “kimya” nililipigia mistari miwili.

Ndiyo maana filimbi ile ilinishtua. Nilichungulia dirishani.

“Mama, nani anapiga filimbi?”

“Filimbi gani?” Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho.

“Nimeisikia.”

“Iko mu kichwa yako, Masika. Haukulala bien. Enda usome.”

Pembeni yake alikaa Tantine Katungu, dada yake Papa, aliyefika jana kutoka Kipese na gunia la viazi, pamoja na mfuko mwingine ambao hakumruhusu mtu yeyote kuubeba. Alinitazama kwa upole usio wa kawaida. (Mhandisi yeyote angechunguza. Sauti isiyo na maelezo ni hitilafu inayosubiri wakati wake. Nami nilikwenda kusoma.)

Saa nne kamili nilikuwa mbele ya kamera, shati limepigwa pasi, mgongo umenyooka. Saa nne na dakika tano, hakuna mtu. Saa nne na dakika kumi, ujumbe: kamati imechelewa na mgombea aliyetangulia, naombwa radhi. Tulianza saa nne na dakika kumi na nane. Nilizihesabu dakika hizo zote, na katika kuzihesabu sikukumbuka hata mara moja kutoka nje kurekebisha ratiba ya mlangoni.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani iliyoning’inia kifuani, ambaye wenzake walimwita Madame, aliniuliza kwa Kifaransa kwa nini ndege. Nikamweleza. Nilisoma sekondari kule Beni, nyumbani kwa mjomba, na jioni nilikuwa nikisimama nje ya uzio wa uwanja wa ndege wa Mavivi nikitazama ndege ndogo zikipaa na vumbi jekundu nyuma yao. Wenzangu walitazama ndege. Mimi nilitazama vumbi, nikijiuliza linakwenda wapi. Kumbe sehemu yake inaingia ndani ya injini, na swali hilo ndilo mradi wangu: jinsi ya kulinda injini za ndege zinazotua kwenye viwanja vya udongo.

Madame alivaa miwani yake. Akasoma kitu kwenye karatasi, akanitazama, akasema, “Bravo, Mademoiselle. Hili ni swali zuri kweli.”

Kwa bahati mbaya, spika ya kompyuta yangu ni kitu pekee ndani yake kinachofanya kazi kwa nguvu zote. Nyuma ya mlango nilisikia kiti kikisukumwa.

Hapa wasio wa kwetu wanahitaji maelezo. Matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe ya watoto wachanga, kichwani, usoni, mpaka kwenye kope. Filimbi zinapigwa, sufuria zinapigwa, naye anatembezwa mjini akiwa mweupe kama mkate ambao haujaingia tanurini, ili hata asiyemjua ajue. Ni heshima kubwa. Sharti lake ni moja tu: kwamba matokeo yawe yametoka.

Saa ya ukutani ilifika nne na dakika arobaini. Madame alikuwa ameuliza swali la mwisho, lile gumu: “Basi tueleze, hatua kwa hatua, vumbi laini likiingia ghafla kwenye mlango wa hewa, nini kinatokea?”

Niliinua kidole. “Kwanza,” nikasema.

Mlango ukafunguka.

Walikuwa kumi na mmoja. Mbele Tantine Katungu, kopo la poda katika kila mkono. Nyuma yake Mama na filimbi (Mama mwenyewe), kisha akina mama wa shirika na sufuria zao, wakipiga vigelegele ambavyo walikuwa wamevizuia tangu saa nne kwa nidhamu ambayo, lazima nikiri, iliheshimu ratiba yangu kwa dakika.

“Ametushindia!” alilia Tantine, akanimwagia kopo la kwanza.

“Tantine, hapana, bado—”

Kopo la pili liliniingia mdomoni. Nilijaribu kuwaashiria maprofesa kwamba haya ni ya muda. Mama mmoja alinifunga kitenge kiunoni nikiwa nimekaa. Mwingine aliinamia kamera akaishukuru kwa Kinande: “Wasingya, wasingya,” asante, asante. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Kwa usahihi wa kitaaluma: poda haikuizima kompyuta. Kilichoizima ni mguu wa Tantine, aliyekuwa akicheza juu ya waya wa betri.

“Haijaisha,” nikasema.

Filimbi ilinyamaza. Sufuria moja iliendelea kidogo, peke yake, kisha nayo ikaelewa.

“Vipi haijaisha?” akauliza Mama. “Uliandika saa ine na dakika makumi ine. Siye tulingoja.”

“Walichelewa kuanza.”

“Mais tulimusikia mwalimu anasema bravo,” alisema Tantine, huku akitikisa kopo kuona kama kumebaki kitu. “Mwalimu hawezi kukuambia bravo kisha akuangushe. Ile itakuwa roho mubaya.”

Kompyuta ilikataa kuwaka. Nilikaa uani na daftari nikatunga maelezo. Rasimu ya kwanza ilitaja “hitilafu ya umeme”, nikaifuta kwa kuwa ilikuwa nusu uongo. Ya pili ilitaja “desturi ya mahali”, nikaifuta kwa kuwa ilinifanya nionekane mwongoza watalii. Ya tatu ilianza vizuri mno, lakini nilitumia dakika ishirini nikichagua kati ya “masikitiko” na “majuto”. Saa tano na dakika hamsini nilikuwa bado sijatuma kitu.

“Masika,” alisema Mama, na safari hii alikuwa ameniinulia macho. “Bale batu banakungojea. Piga simu.”

Niliichukua simu kutoka chini ya mto, nikaiondoa katika hali ya ndege. Ikatetemeka mkononi mwangu kama kuku. Simu tisa kutoka namba moja ya Ulaya. Nikajua ni kukataliwa. Niliona tu ajabu kwamba mtu anakataliwa mara tisa.

Nikapiga. Ilibidi niweke sauti ya nje kwa sababu tundu la kusikilizia lilikuwa limejaa poda, kwa hiyo wote waliokuwa uani walisogea.

“Mademoiselle?” Ilikuwa sauti ya Madame, lakini haikuwa ile ya asubuhi. “Uko salama?”

“Ndiyo, Madame.”

“Familia yako?”

“Salama. Salama kupita kiasi.”

Nikamsikia akishusha pumzi. “Picha yako iliganda ukiwa umeinua kidole. Hatukuona kitu. Tulisikia mlango, filimbi, mayowe ya watu wengi, chuma kikigongwa, kisha mawasiliano yakakatika. Tunajua unakoishi, na habari za mashambulizi ya huko tunazisikia. Tumekaa hapa zaidi ya saa nzima. Mwenzangu anazungumza na ubalozi.”

Ndugu zangu, mimi saa hiyo nzima nilikuwa nachagua kati ya masikitiko na majuto.

“Madame,” nikasema, “ile ilikuwa poda.”

“Poda.”

“Ya watoto. Familia yangu ilikuwa inasherehekea.”

“Inasherehekea nini?”

Nilimtazama Tantine. Alinipa ishara ya kichwa kwamba niseme ukweli.

“Kukubaliwa kwangu chuoni.”

Nilisikia mwenzake akimwambia mtu wa ubalozi asubiri kidogo.

“Lakini, Mademoiselle,” alisema Madame polepole, “sisi hatujaamua.”

“Najua, Madame. Wao wamekwisha kuamua.”

Kicheko kilianza kwa sauti nisiyoijua, bila shaka ya yule profesa wa kushoto ambaye asubuhi hakusema neno. Kikamfikia wa pili. Madame alijitahidi, nikamsikia akijitahidi, kisha naye akashindwa, na hapa uani Tantine akaitikia kwa kucheka bila kujua kilichosemwa, kwa adabu tu.

Baadaye Madame alisafisha koo, akaniambia nimalizie jibu langu hapohapo. Nikalimaliza nimesimama kati ya maharage na sufuria, nikiwa mweupe mpaka kope, huku wanawake kumi na mmoja wameziba midomo kwa viganja. Dakika nne. Akasema matokeo yatakuja baada ya wiki tatu, kwa barua, akakata.

Nawaombeni msicheke. Maprofesa watatu wamekwisha kuifanya kazi hiyo kwa niaba yenu, na tangu saa sita mchana nimekaa hapa najiuliza kama kicheko, katika mfumo wao, kinaongeza alama au kinapunguza.